Mkono wa Kalunde na Ubavu Uliozidi

Vijana mnaopita mbele ya baraza yangu hapa Mtendeni mkiwa na makoti meupe mkononi, shikamoo zenu huwa nazisikia zote, hata mnapodhani nimelala. Sijalala. Nimefumba macho tu, maana siku hizi nikifumba macho ndipo ninapoona vizuri. Alasiri jua likishahamia ukuta wa jirani, barabara hunyamaza, nami hurudi kazini bila hata kuvaa viatu.

Mara nyingi narudi kwenye bani. Wengi wenu hamjawahi kuingia humo. Ni nyumba ndefu kwenda juu, ya matofali na udongo, haina dirisha, na humo ndimo tumbaku hukaushwa kwa moto unaopita ndani ya bomba la chuma. Majani hufungwa kwenye fito, fito hupandishwa moja moja mpaka juu kabisa. Mwanamume hukaa amepanua miguu kwenye boriti, mwanamke husimama chini akimpa. Katika ndoto zangu hizi za mchana mwanga wa ndani ni wa njano, harufu ni ya asali iliyoungua, na wanawake wamesimama mikono juu, hawaishushi. Nawaambia washushe. Hawanisikii, kwa sababu wakati ule sikuwaambia.

Nilikuwa mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji kimoja cha ujamaa, mbele ya Ntalikwa. Jina la kijiji nitaliacha, kwa kuwa waliomo bado wapo na wanapenda kesi. Nilikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, baiskeli mpya, na uhakika wa kila jambo. Watu waliniita daktari nami sikuwasahihisha.

Siku moja akaja Kalunde. Alikuwa mama wa watoto watatu, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na sifa yake kijijini ilikuwa kwamba hakuna aliyemzidi kwa kupandisha fito. Aliketi kwenye benchi, akaupakata mkono wake wa kulia kama mtu aliyebeba kuku.

“Mwangaluka, daktari.”

“Mwangaluka, mama. Habari ya nyumbani?”

“Nzuri, ila mkono. Mkono huu unalala kabla yangu.”

Sentensi ile ilikuwa na ugonjwa wote ndani yake. Mkono unalala nikiwa macho, nikiwa kazini. Angekuja kwangu leo ningeweka kalamu chini nimsikilize mpaka mwisho. Siku ile niliona ni maneno ya mashambani, nikamshika kiganja na kuanza kutafuta ninachokitaka mimi.

Na nilikipata. Kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa na ganzi. Nyama ile nene iliyo chini ya kidole gumba ilikuwa imepungua, imebonyea. Halafu kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko, palikuwa na baka jeupe. Nikaligusa kwa pamba.

“Unahisi?”

“Hapo sihisi. Hapo niliungua na bomba la bani.”

“Ulipoungua ulihisi?”

“Nilihisi, baba! Nililia mpaka wakatoka nje kunitazama.”

Sikilizeni, wanangu. Kovu halihisi. Kila kovu la moto unaloliona halihisi sawasawa, na wagonjwa wanaungua kwa sababu nyingi. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mkono wenye ganzi, nyama iliyokauka na baka lisilohisi ni ukoma. Na ukoma ulikuwepo kweli upande wetu, tuliusaka kila kaya. Sikupapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, ambao kwa mwenye ukoma mara nyingi huvimba. Sikuuliza ganzi inapanda mpaka wapi. Niliandika neno lile kwenye kadi, nikapiga mstari chini yake.

Kisha nikafanya kosa kubwa kuliko la kuandika. Nilimwita Juma mumewe, nikamwita Bi Nyamizi mama mkwe wake, nikamwita na balozi wa nyumba kumi, nikawatangazia. Nilisema vizuri kama nilivyoelekezwa, kwamba dawa ipo, ugonjwa unapona, msimtenge. Walisikia neno moja tu katika yote niliyosema.

Kabla ya hapo walikuwa wanamwita kupe. Mwenyekiti wa kijiji alimwona amesimama katikati ya kazi, ameushusha mkono, anautikisa, akasema mbele ya kila mtu kwamba kijiji hakiwezi kunyonywa na mama mmoja. Ajabu ya dunia, baada ya neno langu walimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Bi Nyamizi alimnunulia sahani yake peke yake, ya bati, yenye ua jekundu. Watoto walihamishiwa nyumba ya bibi yao. Shamba la kijiji lilipolimwa na chungu kikubwa kikapikwa, Kalunde aliambiwa apumzike. Juma, ambaye hakuwa mtu mbaya, alianza kuulizia usafiri wa kumrudisha mkewe kwa baba yake huko Urambo. Yote haya nilikuja kuyajua baadaye, mimi nikiwa nahesabu vidonge vyake na kujiona nimefanya kazi.

*

Sasa niwatoe kidogo huko, maana nikikaa sana kwenye sahani ile nitashindwa kuendelea. Niwaambie habari za Mzee Nassoro.

Nassoro alikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini hapa mjini. Nyumba yao ilikuwa Kanyenye, ukoo wa Waomani waliokuja na misafara wakasahau njia ya kurudi, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Alikuwa mtu wa kofia nyeupe na sauti ndogo. Chumba chake kilikuwa na giza na ubaridi hata kiangazi, ukiingia humo unatamani kukaa tu. Kwenye rafu alikuwa na picha za zamani ambazo hospitali ilitaka kuzitupa: mtu mwenye moyo upande wa kulia, mtu aliyemeza funguo, mtu mwenye vidole sita. “Mungu ana mkono wa pili wa kuandikia,” aliniambia, “na hizi ndizo barua zake.” Mimi nilikuwa namwona mzee wa mambo ya ajabu ajabu, naitikia tu ili anipe kahawa.

Mwisho wa msimu Kalunde alirudi kwangu, safari hii na kikohozi cha moshi.

“Dawa naimeza, daktari, siachi hata siku moja,” alisema. “Mkono hauamki. Na sasa unauma kuanzia hapa.” Akagusa shingo, juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega. “Nikisuka nywele za mwanangu unakufa. Siku hizi lakini sisuki.”

Sikuuliza kwa nini hasuki. Nilichosikia ni kikohozi. Nikamwandikia akapigwe picha ya kifua, akapanda lori la tumbaku kwenda mjini. Kwa hiyo nilimtuma mahali sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na msinisifu kwa hilo.

Siku ya tatu dereva wa lori akaniletea ujumbe kutoka kwa Nassoro. Njoo, na uje umekula.

Aliniweka kwenye kiti, akafungua dirisha, akaishika picha dhidi ya mwanga.

“Kapela, hesabu mbavu.”

Nikahesabu. Kumi na mbili kushoto, kumi na mbili kulia. Mapafu safi.

“Upande wa kulia umeanzia wapi?”

“Juu.”

“Anzia juu zaidi.”

Nikapandisha kidole. Hapo, juu ya ubavu wa kwanza, kikitokea kwenye mfupa wa shingo, palikuwa na kiubavu kidogo chembamba, kimechongoka kama mwiba wa samaki. Upande wa kushoto hakikuwepo.

“Huyu mama anafanya kazi gani?” akauliza.

“Anapandisha fito kwenye bani.”

“Mikono juu?”

“Juu.”

Akaiteremsha picha polepole. Akanichorea nyuma ya bahasha. Kati ya shingo na bega kuna mlango mwembamba. Chini yake ubavu wa kwanza, juu yake mtulinga, pembeni misuli ya shingo. Hapo hapo ndipo mishipa ya fahamu na ya damu ya mkono mzima inapopita. Ukiinua mikono siku nzima, au ukibeba mzigo unaoliburuta bega chini, mlango unabana. Na kama Mungu ameweka ubavu wa ziada mlangoni, mishipa ya fahamu inasuguliwa pale kila siku, mpaka inachoka kupeleka habari kiganjani. Mkono unalala. Ukiachwa, nyama zinakauka.

“Babu yangu alifunga mizigo,” akasema, bila kunitazama, “na babu yako akaibeba mpaka pwani. Nyumbani kwetu kulikuwa na hadithi moja tu juu ya wapagazi. Kwamba mpagazi mzuri huhamisha mzigo bega la pili kabla hajahisi uzito. Asiyehamisha, mkono wake hukauka, na msafara unamwacha njiani.”

“Na leo tunasaini daftari moja la mshahara,” nikamtania, ili nisikae na maneno yale.

“Tunasaini,” akasema. “Lakini wewe unachelewa.”

Alicheka yeye. Mimi nilikuwa nimeshamwona babu yangu. Babu mzaa baba, aliyebeba pembe na nguo katika njia ile ile ambayo leo mnapita na pikipiki. Nilikula naye sahani moja nikiwa mtoto. Mnajua sisi tunavyokula ugali: unafinyanga tonge, unalibonyeza kwa kidole gumba, unapata shimo la kuchotea mchuzi. Tonge la babu halikuwa na shimo. Lilikuwa duara tu, analichovya, mchuzi unamtiririka hadi kwenye kiwiko, sisi watoto tunacheka. Kidole gumba chake kilikuwa bapa, hakina nyama chini. Nilikaa ubavuni mwa ugonjwa ule kwa miaka yote ya utoto wangu, nikaucheka, kisha nikasomea utabibu.

*

Nilirudi kijijini na bahasha ya Nassoro. Nilimkuta Kalunde nje ya nyumba yake, peke yake, akimenya karanga kwa mkono wa kushoto. Sahani yenye ua jekundu ilikuwa imegeuzwa juu ya uchanja ikikauka, nikaiona, na ndipo nikauliza, na ndipo akanieleza yote.

Nikamchunguza upya. Andikeni haya, kama bado mnaandika. Nilipapasa nyuma ya viwiko vyote viwili: mshipa wa kulia ulikuwa mwembamba sawa na wa kushoto. Nilipitisha pamba: ganzi haikuishia kwenye kifundo cha mkono, ilipanda upande wa ndani mpaka karibu na kiwiko. Tatizo likiwa kwenye kiwiko, ganzi huishia kiganjani. Ikipanda zaidi, panda nayo mpaka shingoni. Kisha nikamwambia ainue mikono kama yuko kwenye bani, viwiko nyuma, afumbe na kufumbua viganja, huku nikitazama saa. Mtu mzima mwenye afya hufika dakika tatu akinung'unika. Wa kwake wa kulia ulianguka kabla ya dakika moja. Uliangukia mapajani, yeye mwenyewe akautazama.

“Mama,” nikasema, “huna ukoma. Hukuwa nao. Mimi nilikosea.”

Nilidhani atafurahi. Alimenya karanga nyingine, upepo ukipeperusha maganda. Kisha akauliza, “Ulisema mbele ya watu. Utasema tena mbele ya watu?”

Nilijibu tuanze na matibabu kwanza. Ilikuwa woga, wanangu, na niliuvika koti jeupe.

Matibabu nayo tulianza. Asiinue mikono; ahamie kwenye kuchambua majani, akae chini, meza iwe ya chini. Asibebe kuni begani wala ndoo kwa mkono ule. Asilale ubavu wa kulia, wala mkono ukiwa juu ya kichwa. Kila asubuhi azungushe mabega kurudi nyuma taratibu, asimame kwenye kona ya ukuta, viganja ukutani, afungue kifua. Avute pumzi kwa tumbo, si kwa mabega: alilala chali na kikombe cha karanga tumboni, kikombe kipande na kushuka. Kwa wengi hayo yanatosha, nimewaona wengi wakipona kwa hayo tu. Lakini mkono ukishaanza kukauka, usijidanganye na mazoezi. Mpeleke kwa mpasuaji. Na ukiona mkono umekuwa baridi na mweupe ghafla, au umevimba na kuwa bluu, hapo mshipa wa damu ndio uliobanwa, usingoje hata lori la tumbaku.

Niwachekeshe kidogo. Nilisoma pia kwamba ukishika mapigo kwenye kifundo, mgonjwa akageuza shingo na kuvuta pumzi, mapigo yakipotea ndiyo ugonjwa huo. Nikajaribu kwa kila aliyekuja. Mlinzi wetu: mapigo yakapotea. Mpishi: yakapotea. Mwenyekiti mwenyewe: yakapotea, akaomba karatasi ya kupumzika. Jioni nikajipima mwenyewe, yakapotea. Mlinzi alikataa kufungua geti wiki nzima kwa sababu ya mtulinga. Kipimo kile peke yake kinampata mzima na mgonjwa, kiogopeni.

Kuhusu neno langu, nilimwendea mwenyekiti ofisini, tukafunga mlango, nikamweleza kwa sauti ya chini. Akaitikia kwa kichwa, akaahidi kuwaambia wengine. Baada ya siku mbili habari iliyozunguka ni kwamba Kalunde amenipa ndoo ya asali ili nilifute neno langu. Maji yakimwagika hayazoleki. Bi Nyamizi alinijibu kwa adabu zote, “Tumesikia, daktari,” na sahani ikabaki pale pale.

Nassoro ndiye aliyezungumza na mabwana wakubwa hospitalini mpaka Kalunde akapewa barua ya kwenda Dar es Salaam kupasuliwa. Nilimsindikiza stesheni. Juma alikuja, akabeba kikapu. Treni ilipoanza kuondoka Kalunde alinipungia mkono wa kushoto, kisha akaushusha haraka, akaona aibu.

Wakautoa ule ubavu. Maumivu yakaisha, ganzi ikaondoka, kidole cha mwisho kikaamka. Barua ya mpasuaji niliisoma nimesimama. Aliandika kwamba nyama za kiganja hazitarudi zote, kwa kuwa mgonjwa aliletwa amechelewa. Hakuandika nani alimchelewesha. Nilikaa kwenye chumba cha dawa nikalia, na sioni haya kuwaambia.

Alirudi siku ya kulima shamba la kijiji. Watu wote walikuwepo, chungu kimeshaanza kuchemka. Alipita katikati yao na kovu jipya shingoni, akaenda moja kwa moja kwenye moto, akashika mwiko. Mwanamke aliyekuwa anasonga akaachia. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyesogea. Akasonga ugali kwa mikono miwili, akaupakua kwenye sinia, akaja akaliweka chini mbele yangu, peupe, mkeka mzima ukiwa mtupu.

“Karibu, daktari,” akasema. “Sema mbele ya watu.”

Nikanawa. Nilitaka kuanza hotuba, nilikuwa nimeiandaa njia nzima. Lakini Kalunde alikuwa ameshamega. Alifinyanga kwa vidole vinne, kidole gumba kikitetemeka pembeni, hakina nguvu ya kubonyeza. Tonge likatoka duara, halina shimo. Akalichovya kwenye mlenda, akanyoosha mkono mpaka mdomoni kwangu.

Nikala kutoka kiganjani mwake. Nililia na ugali mdomoni, na hotuba yangu yote ikaishia humo. Nilichoweza ni kumega tonge jingine, na jingine, nikala upande wake wa sinia, pale vidole vyake vilipopita.

Ndipo Bi Nyamizi akanyanyuka. Alitembea taratibu mpaka kwenye birika, akanawa mikono yote miwili, akaketi. Kabla hajamega aligeuka nyuma akawaita wajukuu wake kwa majina, mmoja mmoja, wote watatu.

“Njooni mle,” akasema. “Mama yenu amepika.”

Marehemu mke wangu aliniuliza kwa miaka mingi kwa nini nakula kama mtoto mdogo, mchuzi ukinitiririka hadi kwenye kiwiko. Nami mpaka leo, nikifinyanga tonge, kidole gumba nakiweka pembeni.